Kwanza Nta, Kisha Asali

Kila mkimbizi aliyekaa Uganda zaidi ya mwaka mmoja amewahi kuambiwa afuge kitu. Fuga kuku. Fuga sungura. Otesha uyoga ndani ya chumba. Na siku hizi: fuga nyuki. Unaitwa semina ya siku tatu, unapewa soda, chapati, daftari na cheti, halafu mwalimu anaandika ubaoni hesabu ambayo haijui hasara: mizinga kumi, kila mzinga kilo kadhaa, kila kilo shilingi kadhaa, zidisha. Nimekaa katika semina mbili za namna hiyo, moja hapa Kampala na nyingine kule Kyaka II nilipokwenda kumtembelea dada yangu. Hesabu zote mbili zilipendeza. Hakuna iliyouliza jambo moja dogo: kama nyuki wanalipa hivyo, mbona watu wa nchi zetu, ambao wamekula asali tangu zamani za mababu, hawakutajirika kwa asali?

Siulizi kwa kejeli. Kikundi chetu cha akiba, likelemba kama tunavyosema sisi wa Kongo, kina watu 14, wengi wa Ituri na Kivu, na mwaka jana tulikuwa na pesa kidogo ya kuweka mahali. Wengine walitaka mizinga. Kwa kuwa nilifundisha historia Bunia kabla ya kukimbia, Mama Prezidenti wetu aliniambia: "Wewe ndiye unajua vitabu. Utafute, utuambie." Basi haya ndiyo niliyowaambia, na mengine niliyoyaongeza baadaye nikiwa peke yangu.

Kwa karne nyingi, kitu kilichotoka kwa nyuki wa Afrika Mashariki na kuuzwa mbali hakikuwa asali. Kilikuwa nta.

Mwaka 1588 padri mmoja Mreno, João dos Santos, alikuwa Sofala, katika pwani ambayo leo ni ya Msumbiji. Aliona ndege wadogo wakiingia kanisani mwake na kudonoa mishumaa. Akaandika pia kwamba ndege hao huwaongoza watu porini mpaka kwenye mti wenye nyuki, wakingoja mtu apasue, achukue asali, na wao wale nta iliyobaki. Kitabu chake kilichapishwa mwaka 1609. Ndege mwenyewe yupo mpaka leo, Waswahili wa pwani humwita mlembe, na wataalamu wa viumbe wamethibitisha kwamba kweli anakula nta na kweli anawaita watu. Mimi napenda kisa hiki kwa sababu uchumi mzima umo ndani yake. Porini kuna nyuki. Kanisani kuna mshumaa. Katikati kuna mtu fulani aliyeibeba nta kutoka huku hadi kule, na padri hamtaji.

Mtu huyo alikuwepo. Maandishi ya Wareno wa karne ya 16 yanaiweka nta pamoja na dhahabu na pembe za ndovu katika bidhaa ambazo wafanyabiashara wa Kihindi walizichukua kutoka pwani hii. Kwa nini nta na si asali, ambayo ni tamu, ni nyingi, na ndiyo kila mtu anaitaka? Fikiria njia. Mpagazi wa misafara ya Unyamwezi alibeba mzigo wa karibu frasila mbili, yaani kilo 32 hivi, kwa miguu, miezi. Mpe asali: lita moja ina uzito wa kilo 1.4, inahitaji kibuyu, kibuyu kinavuja, siafu wanakuja, nyuki wa njiani nao wanakuja, na kama asali ilivunwa kabla haijaiva inaanza kuchacha kabla ya kufika. Mpe nta: imeyeyushwa, imechujwa, imegandishwa donge kama tofali. Haichachi. Haivuji. Panya hawaishobokei. Unaweza kuiweka mwaka mzima ukingoja bei ipande, na ukifika pwani bado ni ile ile uliyoondoka nayo. Nje kulikuwa na mnunuzi asiyechoka: Kanisa Katoliki lilitaka mishumaa ya altare iwe ya nta ya nyuki, na baadaye viwanda vya Ulaya vikaitaka nta kwa dawa za kung'arishia mbao na viatu, na kwa marashi na mafuta ya kujipaka.

Sasa geuka umtazame mwenye mzinga, maana hapa ndipo semina zetu zinapopotea. Mnyamwezi wa Tabora alitengeneza mzinga wake kwa gogo au kwa gamba la mti, akauninginiza juu ya mti wa miombo, akaenda zake kulima. Hakununua chochote. Nyuki walikuja wenyewe. Alipovuna, alikata masega yote, akaikamua asali, na asali hiyo ilitumika nyumbani: ililiwa, ikawekwa dawa, na nyingi ikawa pombe, ile wanayoiita wanzuki. Kilichobaki ni makapi ya masega. Hayo makapi ndiyo nta. Kwa uvunaji wa namna hiyo unapata takriban kilo moja ya nta kwa kila kilo 10 hadi 15 za asali. Kwa maneno mengine, mtu yule alikula bidhaa yenyewe akauza mabaki, na mabaki yalikuwa yamemgharimu karibu sifuri. Bei ya nta ikianguka huko Hamburg au London, yeye hakufilisika. Aliendelea kunywa pombe yake na kuweka donge chini ya kitanda.

Ninasisitiza jambo hili kwa sababu wataalamu wa kikoloni waliliona kama uzembe. Walisema: mizinga ya hovyo, asali chafu, nyuki wanakufa kwa moto. Kuna ukweli ndani yake, hasa ule wa kuchoma nyuki na wa kuua miti kwa kuichuna gamba. Lakini kama hesabu ya mtu asiye na mtaji, mimi sijaona iliyo bora. Mwaka 1949 serikali ya Tanganyika ilianzisha kitengo chake cha ufugaji nyuki, na nchi hiyo ilihesabiwa miongoni mwa wauzaji wakubwa wa nta duniani, juu ya mabega ya wale wale wa magogo na magamba.

Mzee mmoja wa kikundi chetu anatoka upande wa Mambasa. Nilipokuwa naeleza haya alicheka, akasema kwao walikuwa na hesabu nyingine. Kule msituni Wambuti walirina asali kwenye miti mirefu katika msimu wake, wakaila, na nyingine wakaibadilisha na wakulima kwa ndizi na vyuma. "Wakati ya asali," alisema, "Wambuti hawakuwaka wanaonekana mu mashamba yetu. Unawaita, unaahidi makemba, hapana. Ile ndiyo ilikuwaka konje yao. Wanarudi kisha asali imeisha." Nimelifikiria sana neno hilo, konje. Kwa wiki kadhaa kila mwaka, watu ambao mkulima aliwaona kama vibarua wake hawakumhitaji mkulima. Hakuna safu ya jambo hilo kwenye ubao wa semina, lakini ni pato.

Uganda yenyewe ilichukua njia yake. Hapa Buganda asali, omubisi gw'enjuki, ilikuwa chakula na dawa. Lakini wakoloni walipokaa sawa, waliangalia mambo mawili: kodi na reli. Reli kutoka Mombasa ilifika Kisumu mwaka 1901. Gari la moshi likishafika linataka kujazwa, na kinachojaza behewa ni pamba. Mbegu zake zilianza kugawiwa hapa mwaka 1903 kupitia wamisionari wa Kianglikana. Kahawa ikafuata. Asali haijazi behewa na haihesabiki kirahisi kwa mtoza kodi, basi ikaachwa kwa kina mama wa sokoni. Kabla ya hapo, mwaka 1900, Mkataba wa Buganda ulikuwa umeigawa ardhi kwa maili za mraba, wakapewa Kabaka, machifu na wakubwa wengine, na ndipo neno mailo likabaki mpaka leo. Watu wengi waliamka wakiwa wapangaji juu ya udongo waliouzaliwa. Nalitaja kwa sababu mzinga hukaa juu ya mti, na mti una mwenyewe. Anayefikiri nyuki ni mradi wa mtu asiye na ardhi hajawahi kutafuta mahali pa kutundika mzinga karibu na Kampala.

Kisha likaja sanduku. Mwaka 1851 mchungaji Mmarekani, Lorenzo Langstroth, aligundua kwamba nyuki wakiachiwa nafasi ya milimita sita mpaka tisa hivi, hawaijazi kwa nta wala gundi; wanaiacha kuwa njia. Kwa ugunduzi huo akatengeneza mzinga wenye fremu zinazotoka na kurudi kama madaftari kwenye shelfu. Unachomoa, unakamua asali kwa mashine, unarudisha sega likiwa zima. Faida yake ni kubwa sana, maana nyuki hutumia kilo kadhaa za asali kutengeneza kilo moja tu ya nta. Ukiwarudishia sega, umewapunguzia kazi, na asali inaongezeka. Nta inakuwa kidogo. Hapo ndipo duniani biashara ya nyuki iligeuka: asali ikawa bidhaa, nta ikawa ziada.

Lakini sanduku lina masharti. Linataka mbao zilizopigwa randa kwa kipimo, mashine ya kukamulia, fremu, waya. Na linataka nyuki wanaokaa. Nyuki wetu hawakai kama wa Ulaya. Njaa ikiingia, au siafu, au ukiwasumbua mno, wanaondoka wote, malkia na watumishi wake, wanakuachia sanduku. (Mwenzangu mmoja alisema: "Hao ni wakimbizi kama sisi, hawangojei mtu awaambie." Tulicheka, halafu tukanyamaza.) Wakenya walijaribu kutafuta katikati: mwanzoni mwa miaka ya 1970, kwa msaada wa Kanada, walisambaza mzinga wenye pao za juu, umbo la hori, kila pao milimita 32, bila fremu wala mashine. Ni mzinga mzuri. Ndio huo ambao mashirika mengi yanaugawa Uganda leo, pamoja na masanduku ya Langstroth, na ukitembea vijijini utauona mara nyingi umekaa mtupu, buibui ndani, maandishi ya mfadhili bado yanang'aa.

Wengine husema kosa ni la nyuki, ati ni wakali mno. Hapana. Mwaka 1956 mwanasayansi Warwick Kerr alipeleka malkia wa nyuki kutoka Afrika hadi Brazil ili wazaane na nyuki wa Ulaya waliokuwa wakifanya vibaya kwenye joto. Mwaka uliofuata makundi 26 yakatoroka, yakaenea Amerika nzima, na magazeti ya Marekani yakawaita nyuki wauaji. Wabrazili walipigwa miiba miaka mingi, wengi wakaacha kufuga. Waliobaki walijifunza kuvaa vizuri, kuiweka mizinga mbali na nyumba, kutumia moshi mwingi. Leo Brazil ni kati ya wauzaji wakubwa wa asali duniani, na anayeitengeneza ni mjukuu wa nyuki wetu. Kilichowapa fedha ni barabara, maabara, vyama vya wafugaji na meli.

Nirudi karibu. Idi Amin alipoangushwa mwaka 1979, watu wa West Nile walilipiziwa kisasi, na kufikia mwaka 1980 walikuwa wamevuka kwa makundi kuingia Sudan na Zaire. Mama yangu ni wa Aru. Alikuwa msichana, na anakumbuka Waganda, yeye anawaita hivyo wote ingawa walikuwa Walugbara na Wakakwa, wakilala chini ya maembe ya kwao. Walikuwa wakimbizi kwetu kama mimi nilivyo kwao leo. Walianza kurudi katika miaka ya 1980, wengi bila mbuzi wala kuku. Leo Arua na wilaya jirani zinajulikana kote Uganda kwa asali. Hapa Kampala mtu akitaka kusifu chupa yake anasema ni ya Arua. Mimi naelewa kwa nini. Ukirudi kwenye shamba lililogeuka pori miaka mitano au sita, mfugo pekee unaokuja bila kununuliwa ni nyuki, na pori lenyewe ndilo malisho yao.

Mwaka 2005 Uganda ilipata ruhusa ya kuuza asali katika Umoja wa Ulaya. Ilikuwa habari kubwa. Lakini ruhusa hiyo haitolewi kwa mfugaji, inatolewa kwa nchi, na nchi lazima kila mwaka ioneshe mpango wa kupima mabaki ya dawa katika asali yake. Kabla chupa moja haijapanda ndege, kuna maabara ya kulipwa. Na wakati huo huo Kampala yenyewe inakunywa asali yote inayoletwa na kutaka nyingine, kwa bei ambayo mara nyingi haipungui ya kule nje. Kwa hiyo asali nyingi ya Uganda haijaondoka Uganda. Mimi naona hilo si aibu. Mnunuzi aliye karibu ni bora kuliko wa mbali, mradi uweze kumfikia.

Basi, hesabu yetu. Bei nitakazotaja ni zile tulizoambiwa sisi mwaka jana. Usiende nazo sokoni.

Fundi wa Ndeeba alitutajia 220,000 kwa sanduku moja la Langstroth. Masanduku kumi ni 2,200,000, kabla ya nguo za kujikinga, viatu na bomba la moshi. Mzinga wa kusuka kwa fito na kupakwa kinyesi cha ng'ombe, ule wa kienyeji, dada aliupata Kyegegwa kwa 15,000. Mahali je? Huku Kampala wengi wetu tunapanga chumba kimoja, Katwe, Nsambya, Masajja. Hata paa si letu. Kule kambini unapewa kiwanja cha kutumia, si cha kumiliki. Bidi Bidi, ilipofunguliwa mwaka 2016, familia ilipewa mita 30 kwa 30. Hapo nilipiga hesabu iliyonifurahisha: nyuki huruka kilomita tatu kutafuta maua, maana yake duara la kilomita za mraba 28. Mzinga uliokaa kwenye kiwanja cha mita 900 za mraba unalisha nyuki wake juu ya ardhi kubwa mara 31,000 kuliko kiwanja hicho, na hakuna anayemdai nyuki kibali. Nilipoisoma hesabu hiyo kikundini watu walipiga makofi. Mama mmoja akauliza: "Na watoto wa jirani?" Ndiyo shida yenyewe. Nyuki hawa wanataka nafasi kubwa kati yao na mlango wa nyumba, na mita 30 hazitoshi. Nyuki wakimuua mbuzi wa mwenyeji, kesi hiyo haitakuwa ya mbuzi peke yake. Tena lile duara la kilomita 28 lina maua kama lina miti, na sote tunajua nani analaumiwa miti ikiisha kwa kuni na makaa.

Tukatazama upande mwingine, ule wa chupa. Masega kutoka vijijini kuzunguka kambi tuliyapata kwa 7,000 kilo. Kilo 100 ni 700,000. Ukichuja vizuri unapata kilo 75 hivi za asali, yaani chupa 150 za nusu kilo. Chupa na mifuniko 150,000, usafiri wa basi na boda 100,000. Mwenye duka anachukua chupa kwa 10,000, jumla 1,500,000. Inabaki 550,000 kabla hujahesabu mikono iliyochuja. Hiyo ni kazi ya wiki tatu. Mizinga kumi ingengoja mwaka, na huenda ikangoja bure.

Mnaona pesa inakaa wapi. Zamani ilikaa kwa mwenye msafara na mwenye mizani ya frasila pale pwani. Mwenye mzinga alipata kitambaa. Leo inakaa kwa mwenye chupa, na juu yake kwa mwenye muhuri. Kwa sababu mwenye duka kubwa hakuulizi asali ni tamu kiasi gani. Anauliza kama ina alama ya UNBS, shirika la viwango la hapa. Alama inataka jengo la kutayarishia lenye sakafu inayooshwa, maji, vyeti vya afya. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 inaturuhusu kufanya kazi na biashara, na tuishukuru, maana nchi nyingi hazina sheria kama hiyo. Lakini haikupi sakafu. Mtu anayelala, kupika na kulea watoto wanne ndani ya chumba kimoja hawezi kupata muhuri ndani ya chumba hicho, awe mkimbizi au raia.

Bila muhuri unabaki na mdomo wako, na mdomo wetu una lafudhi. "Guno mubisi gwa ddala?" Wananiuliza hivyo kila siku: hii ni asali kweli? Wanachovya kijiti cha kiberiti wakiwashe, wanadondosha tone kwenye glasi ya maji, wanamwaga kwenye gazeti. Majaribio hayo yote yanapima jambo moja tu, kama asali ina maji mengi. Sukari iliyopikwa ikawa nzito inayapita yote bila wasiwasi. Na asali safi ikiganda, kama zinavyoganda asali nyingi, mteja anairudisha: "Mmetia sukari." Kueleza kwamba kuganda si dalili ya sukari iliyoongezwa, kwa Kiganda changu cha sokoni, ni kazi kuliko kuchuja.

Kwa hiyo tulifanya hivi. Tulinunua ndoo za plastiki zenye mifuniko, kitambaa cha kuchujia, na refraktomita, kifaa kidogo cha kupimia maji ndani ya asali. Kiwango cha kimataifa ni maji yasizidi asilimia 20, ikizidi, itachacha. Masega yenye asali ambayo nyuki hawajaifunika kwa nta hatununui, hata muuzaji akilia. Asali nyingine tunauza wenyewe kwa watu wanaotujua, makanisani na kwenye nyumba za kitenge, na mbele ya mteja tunaweka tone kwenye kioo cha kifaa tumwache asome mwenyewe. Sehemu kubwa tunampelekea kwa ndoo mfungashaji mmoja wa hapa mjini mwenye muhuri, na faida ya chupa inakuwa yake. Hilo linatuuma, na tunaendelea kuweka akiba ya chumba chenye vigae.

Mizinga tulichukua sita tu, ya kusuka, kwa 90,000. Haikukaa kambini. Dada alizungumza na mwenye shamba nje ya mpaka wa kambi, mzee mwenye mikaratusi na kahawa, wakaandikishana mbele ya mwenyekiti wa LC1: mti ni wa mzee, kazi ni ya dada na wenzake wawili, mavuno theluthi kwa mzee.

Halafu nta. Kila mara tunapochuja kilo 100 za masega tunabaki na donge la kilo sita hivi. Mwanzoni lilikaa pembeni ya ndoo, watu wanalikwepa. Kisha akaja mama mmoja wa Nsambya anayetengeneza mafuta ya nywele na ya midomo. Alilinusa, akalikwaruza kwa ukucha, akalipa kwa kilo zaidi ya bei ya kilo mbili za masega, siku hiyo hiyo, bila kiberiti, bila gazeti, bila kuuliza natoka wapi. Akaagiza la mwezi ujao na la baada yake. Mwingine wa mishumaa naye amepiga simu.

Mizinga minne kati ya sita ina nyuki sasa. Juzi dada amepiga simu kutoka Kyegegwa: mwenye shamba amesikia habari za yule mama wa Nsambya, na anauliza kama theluthi yake inahesabu nta pia. Kikao ni Jumapili.